Tiki ya Kisanduku cha Saba

Mtaani walimwita Ngazi, na jina halikuwa na fumbo lolote. Kwa miaka kumi na mmoja hakuna aliyemwona kazini bila ngazi ya aluminiamu begani. Alikuwa fundi wa kampuni ya intaneti, yule anayekuja kukutobolea ukuta, akavuta waya kutoka kwenye nguzo, akakuwekea ruta juu ya kabati na kukuuliza unataka neno gani la siri. Wenye utani walisema kwa urefu aliokuwa nao ngazi aliibeba kwa heshima tu.

Kazi aliijua, hilo hata wasiompenda walikiri. Tundu la ukutani alilitoboa kwa kuliinamisha kuelekea nje, mvua isije ikafuata waya hadi sebuleni. Chini ya drili alibandika bahasha kuukuu ya kukinga vumbi, na akimaliza aliondoka na vumbi lake. Wamama waliokuwa wameachiwa unga wa ukuta juu ya makochi na mafundi wengine walimtangaza bila kulipwa, na wateja wengine walipiga simu ofisini wakisema wanamtaka yule mrefu, la sivyo watasubiri.

Kitu kimoja tu katika kazi hiyo kilimchosha roho, nacho ni fomu. Kurasa nne za maandishi madogo, na kati yake maswali tisa, kila swali na kisanduku chake chenye sehemu mbili, Ndiyo na Hapana. Swali moja likiachwa wazi, ofisi inairudisha fomu, mteja anakaa wiki nzima bila mtandao, na lawama zote zinamwangukia fundi. Kwa hiyo mafundi walikuwa na dawa yao. Asubuhi, wakisubiri gari la vifaa, kila mmoja alitoa bunda lake la fomu na kuzitia tiki zote upande wa Ndiyo, fomu ishirini kwa kikombe kimoja cha chai. Mteja alikuta kila kitu kimeshajazwa, akatia sahihi chini. Akiuliza ni nini, anaambiwa ni maneno ya kawaida tu.

Hakuna aliyekaa akasema haya, leo tuwadanganye watu. Walikuta wenzao wakifanya hivyo, nao wakafanya, na ndivyo uzembe mwingi unavyopata heshima ya kuitwa utaratibu. Ngazi ndiye aliyekuwa na tiki nzuri kuliko wote, yenye mkia mrefu uliopanda juu, na alikuwa akijisifia.

Alikuwa na dada mmoja, mkubwa wake kwa miaka kumi na miwili, ndiye aliyemlea tangu mama yao alipofariki. Watu walimwita Mama Sare, kwa sababu alishona sare za shule, na karibu kila mtoto wa mtaa ule alikuwa amevaa mkono wake. Cherehani yake ilikaa chumba cha mbele, ndicho duka lake, karibu na dirisha. Mashati wengi wanaweza kushona. Kilichomtofautisha ni nembo ya mfukoni, nyuzi za rangi tatu na herufi ndogo kama punje za mchele, aliyoitarizi kwa mkono wake mwenyewe, moja baada ya nyingine, bila kuchungulia kielelezo.

Intaneti ya nyumba hiyo aliiweka Ngazi mwenyewe, miaka miwili nyuma. Shemeji yake, msimamizi wa ghala, alitaka kutazama mpira, na dada alitaka tableti ya dukani, wateja wachague mishono kwenye picha badala ya kumchorea hewani kwa vidole. Ilikuwa kazi ya saa moja. Fomu alikuwa nayo kwenye begi, imeshajazwa asubuhi pamoja na zile zingine kumi na tisa.

Jumanne moja dada alimpigia simu akamwambia apite akitoka kazini, na asije na mtu. Ngazi alimkuta amekaa mbele ya cherehani iliyofunikwa kitambaa, jambo ambalo hakuwahi kuliona mchana. Dada akamweleza yote bila kuzunguka.

Macho yake yalikuwa yanakwenda. Si mbele, ni pembeni. Sindano aliiona, lakini mkasi uliowekwa kando ya mkono wake ulikuwa haupo mpaka aupapase. Ilikuwa imeanza zamani kidogo, naye akakaa nayo kimya. Adhuhuri, duka likifungwa, aliingia chumbani na simu yake mwenyewe akasoma kuhusu presha ya macho, kuhusu madaktari, kuhusu watu walioshona kwa kupapasa. Kila akimaliza alifuta alichokisoma, maana shemeji huwa anaiazima simu hiyo. Hakumwambia mume, hakumwambia jirani, hakumwambia hata yeye Ngazi.

Asubuhi ya siku hiyo alikuja Mwalimu Mkuu wa shule, mwanamke mwenye macho makali na maneno machache, kuchagua kola ya mashati ya muhula mpya. Akakaa na tableti. Likatokea tangazo: Unaona ukungu pembeni? Presha ya macho haisubiri. Akalifunga. Likaja la miwani yenye taa. Akalifunga. Likaja la kliniki ya macho, kisha la lenzi za kukuzia maandishi. Mwalimu Mkuu akaiweka tableti mapajani, akakumbuka mashati mawili ya muhula uliopita ambayo nembo zake zilikaa upande, akauliza taratibu ni nani anayeumwa macho humu ndani. Mama Sare hakuwahi kujua kusema uongo, na hakuanzia hapo. Alinyamaza, na kunyamaza kwake kulitosha.

Mwalimu Mkuu hakuwa mtu mbaya. Mashati alimwachia. Nembo aliziondoa, akasema safari hii watazipeleka kwa wenye mashine ya kompyuta, ili yeye apumzike. Alisema apumzike kwa upole kabisa, na neno hilo ndilo lililomchoma dada kuliko yote.

"Wewe ndiye mjuzi wa mambo haya," akamwambia Ngazi. "Simu ni yangu, nimefuta kila kitu. Tableti haijawahi kutoka dukani. Nani amewaambia?"

Ngazi akasema labda alibonyeza kitu bila kujua. Dada akajibu kuwa hakubonyeza. Ngazi akasema labda ni simu yenyewe, simu za siku hizi hazina adabu. Dada akavuta droo, akaitupia simu ndani, akasema basi ikae humo, hasomi tena kitu chochote, na hospitali nayo haendi, maana hajui tena ni nani anayemchungulia. Akaomba aachwe peke yake.

Kesho yake Ngazi alikwenda ofisini kabla ya gari la vifaa kufika. Kaunta ya wateja ilikuwa na mwanamke kijana aliyekuwa akila karanga kwa siri chini ya meza. Ngazi akamwuliza, kama mtu anayeuliza habari za mtu mwingine, inawezekanaje mtu asome jambo kwenye simu yake na tangazo litokee kwenye kifaa kingine cha nyumba ileile. Mwanamke akacheka. Akavuta fomu tupu, akaweka kidole kwenye kisanduku cha saba. Ngazi akasoma, kwa mara ya kwanza tangu aajiriwe: Ninakubali kampuni itazame kurasa zinazofunguliwa kupitia laini hii na iwape taarifa hizo washirika wake wa matangazo, ili matangazo yanayofika kwenye vifaa vyote vya nyumba yaendane na mahitaji ya wakazi.

Akauliza kama mtu akiweka tiki upande wa Hapana fomu inarudishwa.

"Hairudishwi," mwanamke akasema. "Inayorudishwa ni isiyojazwa. Hapana tunaipokea sawasawa na Ndiyo. Ila kutoka kwenu mafundi hatujawahi kuiona."

Ngazi alitoka nje akakaa kwenye ukingo wa barabara na miguu yake mirefu ameikunja. Aliona aibu iliyompanda hadi masikioni. Wenzake walikuwa wameshaanza chai na fomu zao, wakamwita aje, akasema leo hana kalamu. Wakamcheka. Siku ile na zilizofuata alikwenda kwa wateja na fomu tupu, akawauliza swali moja moja mlangoni, na alikuwa wa mwisho kurudi kila jioni. Kwenye nyumba nyingine alitazama ruta aliyoifunga zamani, taa zake za kijani zikiwaka, akajiuliza watu wa humo wanasoma nini adhuhuri. Hakujua, na hakupaswa kujua, wala mtu mwingine yeyote.

Kwa dada hakwenda. Siku tatu alijitia yuko mbioni. Tuseme ukweli wake: aliwaza kunyamaza. Dada alikuwa anailaumu simu, na simu haiwezi kujitetea. Lakini shemeji alimpigia Ijumaa akasema mke wake haeleweki, hashoni, hataki kugusa simu, na akitajiwa hospitali anasema tayari wameshamtangaza inatosha. Ngazi akajua kwamba kimya chake sasa kinayala macho ya dada yake. Jumamosi adhuhuri akapiga moyo konde.

Alimkuta anafungua mshono kwa wembe, anaupapasa uzi kwa kidole gumba. Akasimama mlangoni, akashindwa kukaa.

"Ni mimi, Dada," akasema. "Kampuni inatazama mnachofungua humu na kuwauzia wenye matangazo. Iko kwenye fomu. Tiki niliiweka mimi."

Dada aliuweka wembe chini kwa uangalifu. "Uliisoma?"

"Sikuisoma."

"Hata yangu?"

"Hata yako. Niliijaza asubuhi na zingine."

Ngazi alitamani apigwe, kama zamani alipokuwa akivunja vyombo. Hakupigwa.

"Nilikuwa nimeshaipanga siku," dada akasema mwishowe. "Nikabidhi mashati, kisha nimwambie mume wangu, kisha wewe. Maneno nilikuwa nimeshayatafuta. Hospitali nilikuwa nimeshaichagua. Mwalimu Mkuu angesikia mwisho kabisa, tena kutoka kinywani mwangu, na nembo ya mwisho ningekuwa nimeimaliza kwa mkono huu. Mgonjwa ni mimi. Kusema kulikuwa kwangu."

Ngazi alilia, mtu mzima na urefu wake wote, amejiegemeza kwenye mlango. Dada alimwacha alie. Alipomaliza akamwuliza kama yaliyokwishauzwa yanaweza kurudi. Ngazi akasema hayarudi, ameuliza. Kinachowezekana ni kujaza fomu mpya, wasiendelee. Anayo hapa.

"Isome," dada akasema.

Akataka kuruka hadi kisanduku cha saba, dada akakataa. Isome kuanzia juu. Ngazi akakaa kwenye kigoda cha wateja akasoma kurasa nne, na mahali pengine alikwama kama mtoto wa darasa la pili, kwa sababu maneno yenyewe yaliandikwa na watu wasiotaka yasomwe. Mara sita alisimamishwa aeleze. Mara mbili hakujua, akasema hajui. Shemeji aliingia, akasikiliza akiwa amesimama, akakaa. Hapo ndipo dada alipomwambia mumewe habari ya macho, kwa sentensi mbili, si kwa maneno aliyokuwa ameyatafuta. Shemeji akasogeza kiti chake karibu na chake, akamwambia msomaji aendelee.

Walipofika cha saba dada akamwambia arudie. Akarudia. Akaomba kalamu. Ngazi akanyoosha mkono kumwelekeza mahali.

"Toa mkono wako."

Akaiinamia karatasi, akaigeuza kidogo kuelekea dirishani, akaweka tiki. Ilikuwa tiki nzito, imepinda, na haikuingia upande wa Ndiyo wala wa Hapana. Ilikaa juu ya mstari wa katikati. Ngazi aliiona. Alikuwa na fomu nyingine tupu kwenye begi, na mkono wake uliokwisha kuweka tiki maelfu kwa maelfu ulimwasha. Akaipiga picha kama ilivyo, akaituma ofisini.

Jumatatu walikuwa watatu kwenye benchi la kliniki ya macho, dada katikati, shemeji amemshikia mkoba, wakisubiri kuitwa, simu ya Ngazi ilipolia. Alikuwa yule mwanamke wa kaunta. Akasema fomu ya Mama Sare kisanduku cha saba hakieleweki, tiki imekaa katikati, na kwa nini fundi asiiweke tu mwenyewe vizuri kama siku zote, waimalize.

"Siiweki mimi," Ngazi akasema. "Mwenye nyumba yuko hapa." Akampa dada simu.

"Ni Hapana," dada akasema.

Mwanamke akamwuliza, kama alivyofundishwa kuuliza, ana uhakika, maana watu wengi hupata faida, wanaletewa matangazo ya vitu wanavyovihitaji kweli, hata vya afya.

"Wewe mwanangu," dada akamwuliza, "unaumwa nini?"

Ngazi, aliyekuwa ameinama kusikiliza, alisikia ganda la karanga likiwekwa mezani.

"Nimeandika Hapana, mama," sauti ikasema.