Mheshimiwa Aliyeshindwa Mara Nne

Shemeji yangu ni fundi redio, na kwa miaka mingi amekuwa Mheshimiwa bila kuchaguliwa na mtu. Amemuoa dada yangu mkubwa, kwa hiyo haki zote za kumtania ninazo, na sijawahi kuziacha zikalala. Lakini jina hilo si mimi niliyempa. Lilimpata baada ya uchaguzi wake wa kwanza, kibandani kwake, mbele ya wateja.

Wakati huo alikuwa kijana, ameoa juzijuzi, na kibanda chake kilikuwa palepale kilipo leo, ubavuni mwa soko. Alikuwa na tabia moja: akishika bisibisi, anahutubia. Ukimpelekea redio iliyokufa, kabla hajaifungua utakuwa umeshasikia habari za mitaro, taka na taa za barabarani. Siku moja akaamua kugombea udiwani. Hakumuuliza dada, hakuniuliza mimi. Tulishtukia picha yake imebandikwa kwenye nguzo ya umeme, amenuna kama mtu aliyeibiwa.

Matokeo yalipotoka, kura zake zilikuwa chache kuliko watu wa ukoo wetu wanaoishi kata hiyo. Maana yake wengine walikula kwake, wakamwombea kwa sauti, kisha wakaenda kumpa mwingine. Dada alikasirika mno. Kila ndugu aliyekuja kutoa pole alipewa chai na kukaziwa macho mpaka akaiacha nusu. Mwenyewe alifungua kibanda kama kawaida, na mteja mmoja akasimama mlangoni akasema, "Mheshimiwa, redio yangu vipi?" Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Na yeye akacheka. Jina likaganda hapo.

Uchaguzi wa pili alishika nafasi ya pili, ila kati yake na wa kwanza ungeweza kupitisha lori. Wa tatu, chama chake kilimtema kwenye mchujo, akahamia chama kidogo ambacho ofisi yake ilikuwa chumba cha nyuma cha saluni yangu. Wateja wangu walisukwa chini ya bendera, wakalalamika kwamba nywele zao zinanuka siasa. Akawa wa tatu. Wa nne alirudi chama cha zamani, akapiga kampeni ya kweli, nyumba kwa nyumba, na safari hiyo aliukosa udiwani padogo sana. Nilikuwepo kibandani matokeo yalipotangazwa. Alikuwa na redio ya mteja mkononi, imefunguliwa matumbo nje, na sauti ya mtangazaji ikatokea humohumo. Alisikiliza mpaka mwisho. Akarudisha mfuniko, akakaza skrubu, akamkabidhi mwenyewe. "Inasikika vizuri," alimwambia.

Aliyemshinda mara zote hizo ni muuza mbao mmoja mpole, mwenye kikohozi kisichoisha. Huyo ndiye diwani wetu, na watu walimwita Diwani, basi. Mheshimiwa alikuwa mmoja tu, naye alikuwa fundi redio.

Utani una uzito wake, ila anayeujua ni anayeubeba. Binti yao mdogo alirudi kutoka shuleni siku moja akauliza mezani, "Baba, kwani wewe ni mheshimiwa wa nini?" Wenzake walikuwa wamemwandama njia nzima. Shemeji, mtu asiyekosa la kusema, aliangalia sahani yake. Tangu siku hiyo mtoto akawa anarudi nyumbani kwa njia ya nyuma, asipite sokoni.

Uchaguzi wa tano ulipokaribia alikuja saluni, akakaa kwenye kiti cha wateja.

"Shemeji," akasema, "mimi sitafuti gari wala jumba. Nataka mara moja tu jina hili liwe la kweli. Nikishindwa safari hii sigombei tena. Lakini hapo nitakuwa mzaha mpaka kufa kwangu, unanielewa?"

Nilikuwa na kejeli mdomoni tayari, nikaimeza. Nilimwambia nitakuwa wakala wake, na atakayechezea kura yake nitamsuka nywele bila huruma.

Safari hii wagombea walikuwa wawili tu, yeye na Diwani. Kura zilihesabiwa, zikakaribiana mno, ikaamriwa kesho yake asubuhi zihesabiwe upya katika ukumbi wa shule. Dada alikataa kuja. Alisema moyo wake umechoka kusikiliza, atasubiri nyumbani na sufuria zake.

Msimamizi wa uchaguzi alikuwa mwanamke mgeni, aliyeletwa kutoka mbali, sauti yake ndogo lakini hairudii jambo. Alikaa meza ya mbele. Mimi nilikaa upande mmoja, na upande wa pili alikaa wakala wa Diwani, ambaye ni mpwa wake, kijana mwenye mdomo kama wangu. Shemeji alisimama mlangoni kwa sababu alishindwa kukaa. Nje watu walijaa madirishani. Karatasi zilipita mikononi moja moja, fungu la huyu, fungu la yule, na mimi roho juu, nikiona kijasho kinamtiririka yule kijana nikajua na mimi ninatiririka vilevile.

Zilipokwisha, mafungu yalilingana. Msimamizi alihesabu tena mwenyewe, polepole. Yakalingana. Ikabaki karatasi moja aliyokuwa ameiweka kando. Akaigeuza tuione. Hakuna alama mbele ya picha yoyote. Chini kabisa, nje ya visanduku vyote, mtu alikuwa ameandika kwa kalamu, kwa utulivu, neno moja: Mheshimiwa.

Niliruka. "Hiyo yetu!"

"Yenu kwa lipi?" mpwa akadakia. "Mheshimiwa ni cheo cha diwani. Diwani aliyepo ni mjomba wangu. Mama, cheo hakina ubishi, hii ni ya kwetu."

"Mjomba wako nani amewahi kumwita hivyo, hata mbao zake?"

"Wote wawili, kimya," msimamizi akasema. Kisha, kwa kuwa alikuwa mgeni, akauliza kwa dhati kabisa, "Hapa kwenu, Mheshimiwa ni nani?"

Damu ilikuwa inanichemka. Ningemwambia asimame dirishani aite jina hilo kwa sauti aone nani atageuka, lakini alikuwa ameshanikataza kusema. Mpwa naye alianza upya na cheo chake. Na kwa kweli, kwenye karatasi za serikali, alikuwa sahihi. Msimamizi akachukua kalamu yake, nikaona mkono unaelekea upande wa kule, nikasema moyoni imekwisha.

Ndipo Diwani akafika. Alikuwa ameitwa kusikiliza matokeo, amekuja kwa haraka, anakohoa, na mlango umezibwa na shemeji. Akamgusa bega.

"Mheshimiwa," akasema, "nipishe kidogo nipite."

Diwani alipiga hatua mbili ndani, akaona tunavyomtazama, akaona mpwa wake amejishika kichwa. Aliangalia nguo zake, akidhani labda zimechafuka.

"Nani Mheshimiwa?" msimamizi akamuuliza.

"Huyu," akajibu, akimwonyesha shemeji. "Fundi. Kuna nini?"

Nilitaka kupiga kigelegele. Lakini yule kijana hakuwa mtoto wa kuchezewa. Alisimama, na sasa alisema kwa upole, jambo lililonitisha zaidi.

"Sawa. Nakubali, ni yeye. Lakini mama, wewe ni mgeni, hujui. Hilo jina ni la kumcheka. Alianguka uchaguzi, watu wakampachika. Mtu aliyeandika hapo hakuweka alama, kaandika utani. Hiyo si kura. Ni kicheko." Akageuka mlangoni. "Fundi, nakuuliza wewe mwenyewe. Wanapokuita hivyo, wanakuheshimu au wanakucheka?"

Shemeji angeweza kusema wananiheshimu. Neno moja tu, na hakuna aliyekuwepo ambaye angemsuta. Nilimtazama nikimwomba kwa macho, sema, sema basi.

"Sijui," akasema. "Miaka yote hii sijawahi kujua."

Niliumia kuliko siku zote nne alizoshindwa.

Msimamizi aliiweka kalamu chini. Alisema kanuni inamtaka aangalie nia ya mpiga kura, na huyo mpiga kura hawezi kuitwa. Akafikiri. Kisha akamgeukia Diwani.

"Wewe umemwita hivyo sasa hivi, na hukujua kama kuna kura inayobishaniwa. Ulikuwa unamcheka?"

Mpwa akasema haraka, "Mjomba, kabla hujajibu, elewa kwamba—"

"Nimemuuliza yeye."

Diwani alikuwa ameshaelewa. Ilionekana usoni. Aliyatazama mafungu mawili yaliyolingana, akaitazama ile karatasi, akakohoa, na safari hii sidhani kama kilikuwa kikohozi cha kweli. Ndiyo moja tu, karatasi ingetupwa, kura zingebaki sare, na kiti kisingemtoka siku hiyo. Kujibu ndiyo kusingekuwa hata uongo mkubwa, nani hajawahi kumcheka shemeji? Ila alitakiwa aiseme mbele yake, na shemeji alikuwa amesimama palepale, mikono inaning'inia, anamtazama. Hakuwa anamwomba. Alikuwa anataka kujua.

"Mjomba," mpwa akanong'ona.

"Zamani nilimcheka," Diwani akasema taratibu. "Mara ya kwanza, na ya pili. Leo sikuwa namcheka. Nimemwita tu, kama anavyoitwa." Akajipangusa mdomo. "Nadhani ni siku nyingi sijamcheka."

Msimamizi aliichukua ile karatasi akaiweka juu ya fungu la shemeji.

Kelele zilizoingia kutoka madirishani sijawahi kuzisikia tena. Mpwa alitupa kalamu, akatoka. Diwani alikwenda kumpa shemeji mkono, na shemeji aliushika akasahau kuuachia, mpaka mwenzake akautoa mwenyewe kwa taratibu. Shemeji hakuruka, hakuhutubia. Alikaa kwenye dawati la watoto, magoti yamefika kidevuni, akaanza kulia, na si machozi ya kiungwana. Alilia kwa sauti.

Nikampigia dada. Alipokea kabla simu haijaita vizuri.

"Ameshindwa," akasema yeye, wala hakuuliza.

"Ameshinda, dada."

Kisha akasema, na sauti yake ilikuwa inatetemeka, "Leo usinitanie. Siku nyingine zote nitanie, leo niache."

"Dada, haki ya Mungu, ameshinda!"

"Nimekwambia usinitanie! Mpe simu mwenyewe."

Nikaiweka sikioni mwa shemeji. Alifungua mdomo mara mbili na hakikutoka kitu, ila kwikwi. Nilikuwa karibu, nilimsikia dada upande wa pili, amelainika ghafla, akimsemesha vile ambavyo sikuwahi kumsikia akimsemesha mtu mzima.

"Basi, baba, basi. Yamekwisha. Usiwajali hao. Njoo nyumbani, chakula kipo, watoto wapo, mimi nipo. Hujapungukiwa kitu kwangu. Unasikia? Njoo tu."

Shemeji alitikisa kichwa kukubali, kana kwamba dada anamwona. Neno lenyewe lilikuwa moja tu, nimeshinda, naye akashindwa kulitoa.