Harusi ya Kimyakimya Imeonekana kwa Jirani

Jamani, nani anajua kuomba radhi vizuri? Leo nimeumbuka hapa Nyasubi.

Nimechomeka flashi yenye video ya harusi yetu kwenye ruta ya waifai ili mimi na mke wangu tuiangalie kwenye TV bila waya. TV yangu ikagoma kabisa.

Nikiwa nahangaika, nikasikia upande wa pili wa ukuta:

"Ukumbi mzima, vigelegele kwa bwana harusi Maduhu!"

Maduhu si ndiye mimi?

Kumbe jirani, Mama Kulwa, anatumia waifai yetu, na TV yake ndiyo imeidaka video. Paswedi nilimpa mwenyewe 🙈

Na ndiye niliyemwambia tulifunga ndoa kimyakimya, familia tu.

Mara huyo mlangoni.

"Shikamoo, mama."



"Maduhu, familia yenu inajaza ukumbi mpaka nje?"

Nikakimbilia ruta nichomoe flashi.

"Weee, usiguse!" Mama Kulwa akanizuia. "Keki bado haijakatwa."