Filimbi ya Upande wa Kulia

Jina la Kadi hakupewa na wazazi wake. Alipewa na wachezaji aliowatoa nje ya uwanja, na kwa miaka kumi na moja walikuwa wametosha kuunda timu mbili na wa akiba juu. Siku sita za wiki alikuwa mpiga pasi katika duka la dobi, amesimama kutwa nzima kwenye mvuke, mashati ya watu yakipita mikononi mwake kama karata. Siku ya saba alivaa kaptula nyeusi, akafunga kamba za viatu mara mbili, akawa refa wa ligi ya mitaa. Alikuwa mwanamke pekee kwenye kazi hiyo, na hakuwa na simile. Aliwahi kumtoa shemeji yake mwenyewe kwa kadi nyekundu, kisha jioni wakala sahani moja, shemeji amenuna, yeye anamwongezea mchuzi.

Uvimbe ulianza kimyakimya. Kwanza gego la chini, upande wa kushoto, likalegea. Hakusikia maumivu, na asiyeumwa haendi kwa daktari wakati mashati mia yanamsubiri. Alipitia kwa mng'oa meno wa jirani na kituo cha mafuta, jamaa mwenye kiti kimoja na redio isiyozimwa. Huyo akaling'oa gego, akamwambia asukutue kwa maji ya chumvi. Miezi mitatu baadaye shavu likaanza kujaa. Akarudi, likang'olewa gego la pili. Shavu likazidi. Safari ya tatu jamaa alipochukua koleo, Kadi akafumba mdomo.

"Fundi," alisema akishuka kitini, "ukiendelea hivi utanimaliza meno, uvimbe ubaki peke yake."

Ukapita mwaka na nusu. Uso ukawa umepinda kama umeegemea kitu. Uwanjani watu hawakumhurumia, wala yeye hakutaka. "Refa, tema hiyo filimbi ya pili!" walipiga kelele kutoka upande wa magoli, na kundi zima likaangua kicheko. Kadi aliwageukia, akavuta shavu kwa kidole ili walione vizuri, akaendelea na mchezo. Lakini akifika nyumbani aliosha uso bila kutazama kioo, na mume wake, fundi wa redio, mtu wa maneno machache, aliliona hilo.

Aliyezidisha ni dada yake. Dada mtu alimletea mtandio mweupe, mrefu, mzuri kabisa.

"Jifunike, mdogo wangu. Watu wanasema umerogwa. Wengine wanasema ni saratani, na kwamba inaambukiza. Wateja watakimbia mashati yao."

"Kama inaambukiza mbona wewe umekaa karibu hivyo?"

"Mimi ni ndugu yako!"

"Basi mtandio jifunike wewe, maana ndiwe unayeona haya."

Dada akaondoka bila kumaliza chai. Mtandio ulibaki pale kitini, na kesho yake Kadi akaupiga pasi, akaukunja pembe kwa pembe, akamrudishia.

Wiki moja kabla ya fainali, mwenyekiti wa ligi alimfuata dukani. Alisimama mbele ya meza ya pasi akichezea funguo. Alisema fainali itakuwa na wageni, itakuwa na kamera, na kwamba labda yeye, kwa hali yake, angepumzika.

"Nikipumzika mimi, shavu nalo litapumzika?"

"Usinielewe vibaya, dada."

"Nimekuelewa vizuri. Niandikie barua. Andika sababu ni shavu. Weka na muhuri."

Mwenyekiti hakuandika. Kadi alichezesha ile fainali mpaka dakika ya mwisho, mbele ya wageni na kamera, akatoa kadi nne.

Kilichompeleka hospitali kubwa hakikuwa maneno ya watu. Asubuhi moja akipiga mswaki, kidole chake kilibonyeza taya kwa ndani, na mfupa ukabonyea. Ulibonyea, ukarudi, kama kifuniko cha kopo. Alibonyeza tena ili kuhakikisha. Kisha akamwita mume wake, akamshika kidole, akakiweka palepale.

Mume wake alitoa mkono taratibu. "Leo hufungui duka," alisema. "Tunakwenda."

Kwenye benchi la kliniki ya kinywa alikaa karibu na mwalimu mmoja mstaafu, mwembamba, shati limefungwa mpaka kifungo cha shingoni. Mwalimu huyo alikuwa na kidonda ubavuni mwa ulimi. Miezi minane alikipaka dawa za kila duka huku akivuta sigara zake, akidhani jino lililovunjika ndilo linalomkwaruza. Kuongea kulimuuma, kwa hiyo alitembea na daftari. Alimtazama Kadi kwa muda mrefu, akafungua ukurasa mpya, akaandika, akamsogezea. *Wewe ndiye uliyetunyima penalti dhidi ya timu ya wachinjaji.*

Kadi alisoma mara mbili. Hakuna mtu aliyemtazama uso ule kwa mwaka mzima akaona kitu kingine zaidi ya uvimbe. "Mchezaji wenu alijiangusha, mwalimu."

*Alikatwa mtama!*

"Alijiangusha. Nilikuwa hatua tatu."

Waliendelea hivyo hadi nesi alipoita namba.

Daktari wa taya alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti ya chini. Alipiga picha, akakata kinyama kidogo kwa ganzi, akakipeleka maabara. Wiki mbili baadaye akawaita Kadi na mume wake, akaitundika picha kwenye taa. Upande mmoja wa taya ulikuwa mfupa. Upande wa pili ulikuwa vitundu vitundu kama povu la sabuni.

"Si saratani," alisema daktari, na mume akashusha pumzi iliyosikika hadi mlangoni. "Subiri, baba, usishangilie bado. Uvimbe huu unatokana na chembe zile zinazotengeneza meno. Haurukii mapafu wala ini. Lakini pale ulipo, haujui kuacha. Utakula mfupa mpaka uishe, kisha utapanda juu. Nikiukwangua tu, utarudi. Lazima nitoe kipande chote cha taya, na kidogo cha mfupa mzima pembeni yake."

"Halafu niwe sina taya?"

"Nitakuwekea mfupa mwingine. Nitautoa mguuni. Kuna mfupa mwembamba pembeni mwa muundi, mtu anaweza kuishi bila sehemu yake ya katikati."

Kadi alicheka, na kilikuwa kicheko kibaya. "Daktari, unajua kazi yangu ya pili? Mimi nakimbia. Unanitoa mguu unipe taya?"

"Utatembea. Na ukifanya mazoezi kweli, utakimbia."

"Kweli nitakimbia, au ni maneno ya kumtuliza mgonjwa?"

Daktari alifikiri kabla ya kujibu, na Kadi alimheshimu tangu hapo. "Wengi wanakimbia. Siwezi kukuahidi kasi. Na mdomo wa chini, upande wa kushoto, utakufa ganzi. Hilo nakuahidi."

Siku hiyohiyo mwalimu naye alipewa majibu yake. Alitoka amelibana daftari kwapani. Hakulifungua.

Dada mtu alikuja juu. "Wakikukata taya utafanana na nani?"

"Nitafanana na mimi, niliyekatwa taya."

"Na usipoamka?"

Kadi alisogeza kiti karibu. Alimshika dada yake mkono, wakakaa hivyo, na kwa mara ya kwanza tangu habari ya mtandio hawakugombana.

Upasuaji ulichukua saa kumi na moja. Alipozinduka alikuwa na tundu shingoni la kupumulia, mrija puani wa chakula, mguu umefungwa, na kichwa kizito kama gunia lililolowa. Hakuweza kutoa hata sauti. Siku ya tano waliposema sasa anaweza kuona uso wake, nesi alileta kioo kidogo akikishika kwa mgongo, kana kwamba kina moto. Kadi alimnyang'anya. Alitazama mshono uliopita chini ya taya hadi karibu na sikio. Alitazama kidevu kilichovutwa upande. Machozi yalimtoka, na hakuyafuta, na hakukishusha kioo mpaka alipomaliza kutazama kila kitu.

Mwalimu alikuwa amekatwa nusu ya ulimi juma hilohilo. Mchana walimleta Kadi barazani kwa kiti cha magurudumu, naye mwalimu akaja na daftari, mabubu wawili. Aliandika, akampa kalamu. Kadi akaandika: *Alijiangusha.* Mwalimu akapiga goti lake kwa ngumi kwa hasira, na manesi wakafikiri kuna dharura.

Nyumbani ndipo kazi ilipoanza. Wiki tano za magongo. Chakula cha kusaga, ambacho mume wake alikisaga na kukichuja kwa uangalifu uleule aliotumia kwenye nyaya. Siku alipochukua filimbi kwa mara ya kwanza, alipuliza ikatoka hewa tupu. Mdomo wa kushoto haukushika kitu. Pumzi ilivuja hapo, na mate yakafuata mpaka kifuani. Alipuliza tena. Mume wake alipendekeza apunguze mdomo wa filimbi kwa tupa, akajaribu kuuvalisha mpira, haikusaidia. Kadi akaisogeza kulia, mpaka pembeni kabisa, upande wenye uhai, akaubana ule uliokufa kwa kidole gumba. Ikatoka sauti kama ya kifaranga. Alifanya hivyo kila jioni, wiki kwa wiki. Majirani walianza kwa kuvumilia, wakaja kulalamika. Kadi aliwaambia waje na pamba.

Mwezi wa tisa baada ya upasuaji alifanya mtihani wa mbio wa marefa. Mbio fupi alizimudu. Kwenye mizunguko mguu ulikaza, akashindwa mizunguko miwili kabla ya mwisho, akatapika kando ya mstari. Mwenyekiti alimletea maji mwenyewe.

"Umejitahidi sana, dada. Tunakupa meza. Utaandika wanaoingia na wanaotoka. Kuna kiti na mwavuli."

"Mtihani mwingine ni lini?"

"Baada ya miezi mitatu, lakini..."

"Mwavuli wako uweke mpaka hapo."

Miezi mitatu baadaye alimaliza mizunguko yote, sekunde nne tu kabla ya muda kuisha, akichechemea kidogo. Mwenyekiti alitazama saa, akaitikisa, akatazama tena. Kisha akampa mkono.

Mechi yake ya kwanza ilikuwa ya timu mbili za mkiani, watazamaji hawazidi sitini. Alipopuliza, watu waligeuka kumtafuta, kwa sababu sauti ilikuwa imebadilika, ina mkwaruzo. Dakika ya ishirini alikataa goli kwa kuotea. Kocha akaruka mstari. "Refa kipofu! Macho yako umeyaacha wapi?"

Kadi alisimama. Macho! Mtu yule alikuwa amemtazama mzima mzima na kumtukana macho. Alimpa kadi ya njano kwa furaha ambayo kocha hakuielewa kamwe.

Mwalimu hakuiona mechi hiyo. Mionzi ilimpa nafuu ya miezi michache, kisha ugonjwa ukajitokeza shingoni. Kadi alimtembelea mara tatu. Mara ya mwisho hakuweza kushika kalamu, wakakaa tu, yeye akimsimulia matokeo ya ligi yote, timu kwa timu. Alizikwa siku ya kazi, na duka la dobi likafungwa siku hiyo.

Kadi bado anakwenda kliniki kila mwaka kupigwa picha, na daktari amemwambia itakuwa hivyo kwa miaka mingi, maana uvimbe wa aina ile unaweza kurudi hata baada ya muda mrefu. Huwa hapendezwi na wiki ile ya kusubiri majibu. Anapiga pasi kwa nguvu mno, na aliwahi hata kuunguza kola.

Juzi kinyozi wa mtaa alikuja kuchukua mashati yake matano. Kinyozi alipokuwa akiongea, Kadi akaona doa jeupe ndani ya mdomo wa chini, limechanika katikati.

"Hicho kidonda kina muda gani?"

"Hiki? Mwezi. Mwezi na nusu. Hakiumi."

Kadi aliyatoa mashati juu ya meza, akayarudisha rafu ya juu kabisa.

"Dada, nimeshalipa!"

"Najua. Nenda hospitali, uniletee kadi yao yenye tarehe ya leo au kesho. Mashati yapo."

Kinyozi alifoka. Aliita wapita njia wawe mashahidi. Alisema atakwenda polisi. Kadi alilowesha kitambaa, akakitandaza juu ya suruali iliyofuata, akakandamiza pasi mpaka mvuke ukapanda kati yao.

"Polisi ni kushoto," alisema. "Hospitali ni kulia. Chagua, mimi nina kazi."