Maziko ya Mguu Wangu

Mimi ni mmoja wa watu wachache wa Lindi waliotanguliza kipande kaburini. Mguu wangu wa kushoto, kuanzia juu ya goti, uko makaburini huko nyuma ya mtaa wa Mtanda, na mimi niko hapa naandika. Watu wakitaka kuniuliza habari zake hushusha sauti, kana kwamba wataniumiza. Hawaniumizi. Maziko yenyewe yananichekesha hadi leo. Kinachoniudhi ni mchele.

Nilikuwa binti mdogo, enzi za Mdachi. Vita vya Maji Maji vilikuwa vimetulia, lakini njaa ilikuwa haijatulia. Maghala ya bara yalikuwa yamechomwa moto, na watu wa Umwera walikuwa wakishuka mjini kutafuta chochote cha kutia tumboni. Katika hali hiyo goti langu likaanza kuvimba. Siku hizi wangesema saratani ya mfupa. Wakati ule kila mtu aliupa ugonjwa jina lake na dawa yake. Nilikandwa, nikachanjwa, nikanyweshwa kombe, yaani aya zilizoandikwa kwa zafarani juu ya sahani kisha zikaoshwa kwa maji. Goti halikusikia. Likazidi kukua kama fenesi.

Majirani nao wakapungua. Hawakuwa watu wabaya. Waliogopa uvimbe wasioujua, na zaidi waliogopa kuombwa chakula. Waliuliza hali ya mgonjwa huku wakitembea, na jibu likawakuta wameshapinda kona. Mama kwa upande wake alikuwa na kiburi cha kumtosha sultani, hakuomba mtu kitu. Na kama angeomba, asingemwomba mama mmoja wa mtaa wa pili, kiongozi wa kikundi cha ngoma kilichoshindana na kikundi cha mama. Huyo aliwahi kuimba fumbo juu ya meno ya mama mbele ya harusi nzima, na tangu siku hiyo walikuwa hawasalimiani.

Daktari wa Kidachi akasema mguu ukatwe, la sivyo nitakufa. Baba alikubali. Mama alikubali baada ya kumtukana daktari kwa Kimwera, lugha ambayo daktari hakuijua, kwa hiyo akawa anaitikia, "Vizuri, vizuri." Wakanifunika pua kwa kitambaa chenye dawa kali, nikalala. Nilipoamka mguu haukuwepo, na homa ilikuwepo. Kesho yake dresa aliyekuwa akinifunga kidonda alimwambia mama waziwazi kwamba nisipokula kidonda hakitapona, na watanipoteza. Hospitali ilitoa dawa. Chakula kilikuwa juu ya watu wa nyumbani. Nyumbani kwetu kulikuwa na makopa ya mhogo tu, na kila nikionja ugali wake nilitapika.

Mama akaondoka kwenda nyumbani kutafuta kitu kingine cha kupika. Wakati huohuo baba akakabidhiwa mguu. Akaufunga kwa shuka safi ya amerikani, akaenda kumuuliza mwalimu wa chuo cha Kurani unazikwaje. Mwalimu alifikiri kwa muda mrefu, maana hakuna aliyewahi kumuuliza jambo hilo, kisha akasema mguu unasitiriwa na kuzikwa kwa heshima, lakini hausaliwi maadamu mwenyewe yu hai. Basi wakatoka, mwalimu mbele na kanzu yake, baba katikati amekumbatia furushi jeupe, na nyuma jirani mmoja na jembe begani. Wakakatiza Mtanda yote, baba akibubujikwa na machozi. Hapo nani angehitaji kuuliza?

Kabla hawajafika makaburini, kilio kilikuwa kimeenea nyumba hadi nyumba. Mama alikuwa jikoni anakung'uta mtungi mtupu aliposikia wanawake wanakuja wakilitaja jina langu. Akaamini nimekufa mara tu alipogeuza mgongo. Akaanguka palepale, akalia kuliko wote. Aliyemdaka alikuwa yule mama wa mtaa wa pili. Alikuwa amekuja wa kwanza, na kapu la mchele kichwani.

"Nisamehe, mwenzangu," akasema. "Meno yako hayana kasoro. Wivu ulinipanda."

Mama akamsamehe, nusu kazimia. Wakaingia na wengine, kila mmoja na mzigo wake. Mchele, nazi, samli, hata kuku. Mtaa ambao siku zote hizo uliapa hauna punje ulijaza uani kwetu mpaka pa kukanyaga hapakuwepo.

Hapo ndipo baba alipoingia, udongo magotini. Akatazama vyakula, akatazama wanawake, akauliza kwa woga, "Nani kafa?"

Mama akainua uso. "Umemzika mwanangu bila mimi?"

"Mwanao yuko hospitali. Nimezika mguu."

 Mama akasikia mtu anajifuta kamasi. Alikuwa yule mama wa mtaa wa pili. "Kumbe mtoto yu hai? Basi nirudishie maneno yangu ya meno."

Watu wakacheka, na katika kucheka mikono ikaanza kunyemelea makapu, kwani pasipo na maiti hapana matanga. Mama akasimama mlangoni. Yeye ambaye hakuwahi kuomba hata chumvi akasema, "Sina cha kumlisha. Asipokula atakufa kweli, na mtarudi na mchele huuhuu."

Yule mama akajitwika kapu lake upya. "Twendeni jikoni," akasema.

Wakapika, wakaenda hospitali kundi zima na vyungu vichwani. Siku zile kundi la watu kulielekea boma la Wadachi, ambamo hospitali ilikuwamo, halikuwa jambo la mchezo, na askari wa langoni akashusha bunduki kutoka begani. Yule mama akamfunulia chungu. "Hatuna maji ya vita, mwanangu. Tuna wali."

Nililishwa kwa zamu, na kwa kugombaniwa. Yule mama ndiye aliyekuja mara nyingi kuliko wote. "Kula," alikuwa akiniambia. "Nimekulilia mpaka sauti imekauka, silii tena mwaka huu." Kidonda kikafunga.

Nilipopata nguvu nikapata na hasira. Nikamuuliza mchele ule ulikuwa wapi nilipokuwa na miguu miwili.

"Chini ya vitanda," akajibu bila kupepesa macho. "Kila nyumba ina kapu la msiba. Haliguswi kwa ajili ya mtu aliye hai."

 Nadhani alipoyasema hayo ndipo alipoyasikia mwenyewe.

Njaa ilikuwa bado haijaisha walipoletwa Mtanda mtoto wa kijiji cha Kiranjeranje na mama yake. Mtoto alikuwa amevimba taya, jicho moja likiwa limefumbika. Daktari akasema pale hapana pa kukata. Wanawake wa vikundi vyote viwili vya ngoma wakapanga zamu, wakaingiza mikono chini ya vitanda. Wali alikuwa hawezi kuutafuna, wakampikia uji wa mchele kwa tui la nazi, laini kabisa, akawa anaumeza na kuuliza kama kuna zaidi. Mama yake alipata kulala, kwa kuwa daima palikuwa na mtu wa kumpakata.

Mtoto alikufa. Tulipomzika nilikwenda na gongo langu, nikalia sana. Halafu tukarudi matangani, na hapakuwa na wali. Makapu yote yalikuwa matupu, kwa sababu mchele wa msiba wake alikuwa ameshaula mwenyewe.