Kocha Swabra Alivyopeleka Posa Butihinda

Swabra ana miaka thelathini na minane, sauti inayofika mtaa wa pili, na kazi ambayo baba yake mzazi aliificha miaka kumi na tano. Mtu akimuuliza Mzee Uthmani, pale kwenye cherehani yake sokoni Muyinga, binti yako anafanya nini Gitega, alikuwa anajibu haraka haraka: "Anafundisha mambo ya afya." Afya gani? Swabra ni kocha wa baskete ya wasichana katika chuo cha walimu. Lakini mzee hakutaka kusikia habari za binti kukimbia na kaptula mbele ya watu.

Na kazi yenyewe hakuiokota njiani. Alianzia Gishubi, mwalimu wa shule ya msingi. Alifunga beseni lililotoboka kwenye mkaratusi akafundisha mabinti wa wakulima kurusha mpira. Wazazi wakalalamika eti anaharibu beseni. Limetoboka, linaharibika nini tena? Miaka minne baadaye mabinti wale waliwapiga wenzao wa mjini, chuo kikamwita.

Mwaka jana akaja direkta mpya, mkuu wa chuo, mtu wa kupenda orodha.

"Madamu Swabra, naona majina tisa ya wachezaji. Sheria inataka kumi."

"Raissa ameolewa likizo hii, bwana direkta. Mume hataki mpira."

"Hiyo ni habari ya mume. Ijumaa nisipoona jina la kumi, ekipe ya wasichana nafunga, na we unarudi Gishubi."

Swabra alimjua wa kumi wa kujaza timu. Jeska wa Butihinda, msichana anayechuma parachichi bila fimbo. Alimwona kwenye mashindano ya shule Muyinga. Nafasi ya chuo alishapata, ila baba yake, Kastori, hakumruhusu kwenda. Basi Jumatatu Swabra akapanda moto, pikipiki ya abiria, mpaka Butihinda na barua ya chuo yenye mihuri miwili.

Kastori alikulia Tanzania, kwenye kambi ya wakimbizi, Kiswahili chake kimenyooka kama cha redio. Aliisoma barua yote, akaikunja, akamrudishia.

"Dada, kambini tuliandikiwa karatasi nyingi sana. Karatasi ukiiuliza swali haikujibu."

"Niulize mimi, nitajibu."

"Wewe ni mgeni. Binti akitoka kwangu, kuna mzee amekuja kumwomba. Akipata shida, najua nani wa kumtafuta. Kwani wewe huna wazee?"

Mke wake, Melania, alitazama chini. Majirani waliokuwa wanapukuchua maharage wakasogea karibu wasikie vizuri.

Swabra akarudi Muyinga, akasimama mbele ya cherehani.

"Baba, nisindikize Butihinda uniombee mchezaji."

"Hiyo mipira yako mi siijue."

"Ekipe itafungwa Ijumaa."

"Ifungwe. Utafundisha afya."

Hapo ndipo Swabra akawa kocha kweli. "Sawa. Ila yule bwana aliniuliza kama sina wazee."

Cherehani ikasimama. "Alisema hivyo?"

"Mbele ya majirani."

"Nipe koti yangu."

Jumatano tukaenda, moto nne: Mzee Uthmani na kanzu na koti, jirani yake Amissi muuza nyama amekumbatia kreti ya Fanta, Swabra, na miye ninayemsaidia kwenye ekipe, maana posa bila mwanamke wa kupokea maneno inakuwa kama kesi. Watu wa kilima chote walitoka. Wamama wakapiga vigelegele. Jeska akajificha jikoni akiuliza bwana harusi ni nani, na kama ni yule Amissi, yeye anakimbilia kwa shangazi.

Swabra alikatazwa kusema. Mwombaji ni mzee, wengine wanakaa kimya. Nimemwona anapigwa kwa pointi hamsini akavumilia, lakini kimya kile kilimtoa jasho.

Mzee akakohoa. "Mi niko Uthmani wa Muyinga. Wazee niko nao wengi, ila leo nimejileta mwenyewe. Mutoto yangu ni kocha mukubwa. Hapo Gitega hakuna golikipa anamufikia."

Kastori akashika mdomo. "Mzee, baskete haina golikipa."

"Haina?"

"Haina."

Uthmani hakutikisika. "Ndiyo maana wanafungwa sana! Sasa muone vile tunamuhitaji huyu binti murefu. Tumuweke hapo."

Watu walicheka mpaka Amissi akamwaga Fanta yake. Melania alijifuta machozi na kitenge. Kastori akacheka muda mrefu kuliko wote, kisha akawa mtu wa kazi.

"Mzee, akipata shida sitamtafuta direkta. Nitakuja pale kwenye cherehani."

"Kuja."

"Na kila mchezo uwepo, unipe habari kwa simu."

Uthmani akamtazama binti yake. Swabra akatazama mbuzi aliyefungwa uani.

"Nitakuwepo," mzee akasema.

Jeska akaitwa, akaulizwa kama anataka. Aliposikia hakuna bwana harusi, akaingia ndani mbio kufunga mzigo.

Ijumaa direkta aliisoma orodha mara mbili, akitafuta kosa. Hakulipata. Akasaini.

Mchezo wa kwanza, Jumamosi, Gitega, mzee alikaa mbele kabisa na koti lake. Robo ya kwanza alifunika macho kwa sababu ya kaptula. Robo ya pili akafungua jicho moja. Ya tatu alikuwa amesimama anamfokea mwamuzi.

"Baba, kaa chini! Wataniadhibu mimi!"

"Huyu binti mi nilimuomba, akisukumwa mi nitajibu nini?"

Tulipigwa kwa pointi sita. Mzee akatoa simu. "Mukwe! Kastori! Tumepigwa, lakini wako amefunga kumi na nne. Hapana, si mabao, inaitwa pointi, usiniaibishe. Ndiyo, anakula vizuri. Jumamosi ijayo tunaenda Ngozi, mi niko kwenye basi."

Swabra akageuka haraka. Kwenye ile basi ndogo ya chuo, wachezaji kumi, mipira na kocha, hata sindano haipati pa kukaa.

"Dada, mzee atakaa wapi?" akaniuliza.

Nikamwambia, we si ulimtafuta mwenyewe?