Siku Niliyomwita Naishiye Mahakamani

Jamani, haya ninayowasimulia yalinitia aibu mpaka nikafunga saluni siku tatu, na chanzo chake ni mdomo wangu mwenyewe.

Mimi ni msusi hapa Lemara. Kesi ya yule mwimbaji wetu maarufu, ile ya utakatishaji fedha, ilipoanza, saluni yangu nayo ikageuka mahakama. Huyu, "Mwizi, afungwe!" Yule, "Wanamwonea, wivu tu!" Ningenyamaza ningekuwa salama, lakini nikasema, "Yule ni Naishiye, tumekua wote Ngaramtoni, tulikuwa tunalala kitanda kimoja." (Kweli kabisa. Tuliimba pamoja kwaya ya watoto, na alipoondoka kwenda Dar aliniahidi atarudi kunichukua. Miaka kumi na minane sasa.)

Mama Glory, mteja wangu wa siku nyingi, akacheka. "Basi kesho twende mahakamani akusalimie!"

Tukaenda, mimi na wateja wanne, nimejifunga kitenge kipya utadhani naenda harusini. Chumba kimejaa. Naishiye akaingizwa, amekonda, nywele hazijaguswa siku nyingi, zile zile nilizokuwa namchana kila Jumapili kabla ya ibada, na mimi nikashtukia nimesimama, napiga kelele, "Naishiye! Naishiye wangu!"

Hakimu akanitazama juu ya miwani.

"Wewe ni nani wa mshtakiwa?"

"Dada yake, mheshimiwa." (Uongo ule ulitoka wapi, sijui.)

"Mshtakiwa, unamfahamu huyu?"

Akaniangalia. Akaniangalia, jamani, mpaka nikaanza kutabasamu. Kisha akasema taratibu, "Hapana, mheshimiwa. Simfahamu."

Watu wakaangua kicheko, Mama Glory naye, na askari akanishika mkono kunitoa nje huku kitenge kinanifunguka.

Sasa saluni wana kesi mpya. Wengine wanasema alinisahau. Mama Glory (siku hizi mpole) anasema alinikinga, nisije na mimi nikahojiwa. Mimi sijui. Nimeapa sitalitaja tena jina lake mbele za watu, wala sitajiita ndugu wa mtu ambaye hajaniita yeye kwanza. Ila siku akitoka, kwa kushinda au kwa kumaliza kifungo, natamani apite tu hapa, aniambie, hata kwa ukali, kwamba alinijua.