Mawe Mawili Ng'ambo ya Kamba

Kisa hiki nimewahi kumsimulia mtu mmoja tu, naye alikuwa nusu usingizini, kwa hiyo mkinisikia nakohoa katikati mjue si kifua, ni aibu. Kuna aibu za kuteleza na sinia la pilau mbele ya wageni, hizo mwaka ukipita unazisimulia mwenyewe kama sifa, lakini hii yangu imekataa kugeuka kichekesho (isipokuwa ile sehemu ya buti, ambayo nitawapa mapema muicheke muimalize).

Nilikuwa mlinzi wa mlangoni katika duka moja kubwa Abu Hamour, miaka ile Doha haijaanza kupanda treni, na hapo ndipo nilipojuana na Mzee Salum. Alikuwa dereva wa nyumba ya Kiqatari, mtu wa Makunduchi, Unguja, na kila alipowaleta mama wa nyumba na watoto kununua vitu alinisubiri nipate mapumziko, tukanywa chai ya karak tumeegemea gari. Mimi Mbukusu wa Bungoma, mtoto wa kanisa, Kiswahili changu kimejaa viraka vya Sheng, naye alikuwa akinisahihisha taratibu bila kunivua nguo. Baba nilimkosa Bungoma nikampata kwenye maegesho ya magari, na sisemi hivyo kwa mapambo.

Mwaka huo alikuwa na jambo moja tu moyoni. Binti yake mkubwa, Rukia, alikuwa ameposwa, na ndoa ingefungwa kabla ya mwezi wa Ramadhani. Likizo ya Mzee Salum ilikuwa bado mbali, kwa hiyo ruhusa ilibidi iombwe, na yeye ni katika wale watu ambao kuomba kunawakwama kooni kama mwiba wa samaki.

"Baba ndiye anayemuozesha," aliniambia siku moja, akizungusha kikombe chake. "Anamshika mkwe mkono, anatamka. Wafula, mimi nimekosa kuzaliwa kwake, nimekosa kuhitimu kwake Kurani, nimekosa siku alipovunjika mguu. Hili sitaki nilikose."

"Si umwambie tu mdosi wako? Atakuuma?"

"Haumi. Lakini kwa mtu mwema huendi kila siku na mkono wazi. Unakwenda mara moja, siku amefurahi."

Siku hiyo ya furaha akaitafuta kwa njia ambayo nisingeiwaza. Kulikuwa na mwalimu mmoja wa historia, Msudani, tukimwita Ustadhi Bashir, mwenye kikundi cha watu wa mataifa mbalimbali ambao Ijumaa za majira ya baridi walikwenda jangwani na mashine za kutafutia vyuma, wakisaka vitu vilivyoachwa na askari wa zamani, vifungo vya koti, bizimu za mikanda, maganda ya risasi. Bwana wa Mzee Salum, mzee tuliyemwita Bu Nasir, alikuwa na izba, yaani shamba la ngamia, kusini ya Al Wakrah, na watu husema askari wa Kituruki walipiga kambi pale kwa ajili ya kisima. Mzee Salum ndiye aliyewaombea ruhusa. Hesabu yake ilikuwa nyepesi: Bu Nasir anapenda habari za kale kama mtoto apendavyo halua, akija pale kabla ya swala ya Ijumaa akionyeshwa vitu vilivyotoka katika ardhi yake mwenyewe atafurahi, na hapo hapo dereva wake atamsogelea na neno lake la Rukia.

Nami akanichukua, kwa kuwa ilikuwa siku yangu ya mapumziko na aliniona nitaimaliza kitandani, kule kambi ya wafanyakazi. "Njoo uone jua lisilo la maegesho," alisema.

Sasa sehemu ya buti. Sikuwa na viatu vingine ila zile buti za kampuni, nyeusi, nzito, nilizozing'arisha usiku kucha kama naenda kula kiapo. Ustadhi Bashir alikuwa amechomeka vigingi na kufunga kamba, kila mtu na ukanda wake, tukatembea sambamba kama watu wanaopalilia mahindi. Akatuonya jambo moja: "Ng'ambo ya kamba ya mwisho hatuendi." Hakusema kwa nini, na mimi sikuuliza (shikeni hapo). Mashine niliyoazimwa ikaanza kulia hatua ya kwanza. Nikachimba, hamna. Hatua ya pili ikalia, nikachimba, hamna. Nikawa naacha mashimo nyuma yangu kama fuko, jasho linanitoka, nawaza nimekalia hazina ya Sultani, mpaka Ustadhi alipokuja, akaniinamia miguuni, akagonga ncha ya buti yangu kwa kidole.

"Ndugu yangu, hii ina chuma ndani. Umekuwa ukijitafuta mwenyewe."

Walicheka wote, hata wasiojua Kiswahili wala Kiarabu, maana kicheko cha namna hiyo hakihitaji mkalimani. Mzee Salum akacheka pia, kule kwenye gari alikokuwa akipanga birika, halafu akanipa ndara zake za akiba. Nikacheka nao. Ila moyoni kilibaki kitu kichungu, kwa sababu wenzangu tayari walikuwa na vifungo na vipande vya shaba kwenye kitambaa cheupe cha Ustadhi, na mimi, niliyeletwa na Mzee Salum, niliyekula naye chumvi, sikuwa na hata msumari wa kumsaidia siku yake. Nikajiambia kitambaa kile kinahitaji kitu kikubwa zaidi ya vifungo. Nikajiambia nitakipata mimi.

Ukanda wangu ulikuwa wa mwisho. Ng'ambo ya kamba palikuwa na kijinundu cha changarawe na mawe mawili yaliyosimama, moja huku, jingine kule, yasiyochongwa wala kuandikwa. Nikatazama kushoto, nikatazama kulia, nikanyanyua mguu. Uamuzi wenyewe ulikuwa mdogo hivyo, mguu mmoja juu ya kamba.

Mashine ikalia, safari hii bila buti. Nikachimba, na kiasi cha shubiri moja chini nikapata ganda la risasi, limeota kutu ya kijani, zuri mpaka nikalibusu. Ningesimama hapo, leo nisingekuwa na kisa. Lakini nikawaza, penye ganda pana bunduki, nikaendelea, na mchanga ulikuwa laini, hata koleo likagota kwenye mawe bapa yaliyopangwa ubavu kwa ubavu, yamezibwa kwa udongo, kazi ya mkono wa binadamu kabisa. Damu ikanipanda. Ghala, nikasema. Ghala la risasi la Waturuki. Nikaingiza ncha ya koleo kwenye kiungo cha mawe, nikalibinua moja likacheza, kisha nikasimama nikapunga mikono nikiwaita watu wote waje.

Wakaja mbio. Halafu, mmoja baada ya mwingine, wakapunguza mwendo. Ustadhi Bashir alisimama mbali akafunika mdomo. Nilidhani ni mshangao wa furaha, Mungu anisamehe, nikaendelea kuwaelekeza kwa ganda lile kama mwalimu mwenye chaki.

Mzee Salum alifika wa mwisho. Alitazama jiwe la huku, akatazama jiwe la kule, kisha akavua viatu.

"Wafula, weka koleo chini."

"Mzee, si unaona mawe yamepangwa? Hapa ndani kuna kitu."

"Yamepangwa kwa sababu ndani kuna mtu."

Kwetu Bungoma kaburi linajitangaza. Liko uani, lina saruji, lina msalaba na jina na siku, watoto wanalikalia wakila miwa na bibi anawafukuza. Sikuwahi kujua kwamba kuna watu wanaomlaza mpendwa wao chini ya mchanga na mawe mawili tu, bila jina, na kuona hiyo ndiyo heshima. Nilikuwa nimesimama na ndara za watu juu ya maiti wa watu.

Tulikuwa hivyo hivyo, duara la watu na shimo katikati, gari la Bu Nasir lilipoingia. Alishuka na fimbo yake nyembamba, akaja akitabasamu, na nililiona lile tabasamu likizimika kidogo kidogo kadiri alivyokaribia. Akauliza kwa Kiarabu neno fupi. Hata mimi nilielewa: nani amemleta huyu?

Ustadhi alianza kueleza mambo ya kamba. Mzee Salum akamkatiza.

"Mimi," alisema. "Nimemleta mimi."

Bu Nasir alimtazama dereva wake. Kisha akapiga magoti, mzee yule na kanzu yake nyeupe, akalirudisha jiwe nililolitikisa mahali pake, akaanza kurudisha mchanga kwa viganja. Mzee Salum akapiga magoti upande wa pili. Nilipoinama kusaidia, Bu Nasir akainua kidole tu, bila hasira, nikarudi nyuma. Nililiacha ganda la risasi lianguke shimoni likafukiwa pamoja. Baadaye Ustadhi alininong'oneza: aliyelala pale alikuwa dada wa babake Bu Nasir, alifariki msichana mdogo, siku watu wa ukoo walipokuwa wakihama na ngamia wao.

Walipomaliza waliinua mikono wakaomba dua, nami nilisimama na mikono yangu sijui niiweke wapi.

Bu Nasir angenitukana ningepata pa kujificha. Badala yake alichukua birika akanimiminia maji ninawe. Watu walipotoka kwenye swala alituketisha wote kwenye mkeka, akanyofoa nyama kwa mkono wake akaiweka mbele yangu, kama afanyavyo mwenyeji kwa mgeni. Kile kipande ninakitafuna mpaka leo. Kitambaa cha vifungo hakikufunuliwa. Mzee Salum alizunguka na dele la kahawa, akamimina kwa kila mtu, akamimina kwa bwana wake, na midomo yake haikufunguka.

Njiani kurudi ndipo nilipothubutu.

"Hukuomba."

"Sikuomba."

"Kesho basi. Ama nitaenda mimi mwenyewe, nimwambie kosa ni langu, wewe hujui kitu."

"Hilo analijua." Alibadili gia. "Mtu akishakusamehe kubwa, Wafula, humrudii na dogo. Haya zako ziko wapi?"

"Lakini si dogo."

"Kwangu si dogo," alisema, na hakuongeza neno mpaka Abu Hamour.

Nimeweka nadhiri, na mpaka leo naishika: sishiki mashine ile, na popote niendapo ugenini sichomeki kijiti ardhini bila kuuliza nani yuko chini yake. Nadhiri nzuri, imechelewa.

Siku ya ndoa Mzee Salum alikuwa kazini kama kawaida, mama wa nyumba yuko ndani ya duka. Nilimkuta kwenye gari amevaa kanzu na kofia, simu iko sikioni, akanifungulia mlango niketi. Upande wa pili alikuwa mdogo wake. "Nimekuwakilisha," alimwambia, akimkabidhi nafasi yake ya baba, akitamka neno kwa neno. "Nimekuwakilisha umuozeshe binti yangu Rukia. Unanisikia? Nimekuwakilisha." Ikasikika sauti ya mtu akisoma hotuba ya ndoa, kisha vigelegele vikajaa gari lote, vikakatika ghafla kwa mtandao.

Alishusha simu akaiweka juu ya dashibodi. Nilikuwa nimekuja na maneno mengi ya kuomba radhi, niliyoyapanga usiku.

"Basi nipongeze," alisema, akitazama mbele. "Hakuna mwingine hapa."